Je, atarudia? Kupima hatari ya ukatili bila kupiga ramli

Ndugu wa mgonjwa wanapoitwa hospitali kuambiwa kwamba kijana wao anakaribia kuruhusiwa, swali lao la kwanza mara nyingi halihusu dawa. Wanauliza: "Daktari, hatarudia?" Mahakama nayo huuliza jambo lile lile kwa lugha ya majalada: mtu huyu ni hatari kwa jamii? Maswali haya ndiyo kazi yangu ya kila siku katika saikolojia ya uchunguzi wa jinai, taaluma inayokutanisha elimu ya akili na tabia ya binadamu na shughuli za mahakama, magereza na polisi. Naandika ili mwananchi ajue tunachoweza kumjibu na tusichoweza. Kutojua mpaka huo kumewahi kuwafungia watu ambao hawakustahili kufungiwa, na kuwaacha wengine bila ulinzi.

Kwanza nitenganishe mambo mawili yanayochanganywa mno. Nchini Tanzania, mshtakiwa anayedaiwa kuwa hakuwa na akili timamu anaweza kupelekwa kwa amri ya mahakama kwenye hospitali ya afya ya akili, na wengi hufikia Isanga, Dodoma. Sheria inamtaka daktari aandike ripoti ndani ya siku 42. Ripoti hiyo inatazama nyuma: akili ya mtu huyu ilikuwaje siku ya tukio? Kupima hatari ya ukatili ni kazi nyingine, nayo inatazama mbele. Mtu anaweza kuwa alikuwa mgonjwa sana siku ile, lakini leo, akiwa anameza dawa na anaishi kwenye nyumba iliyotulia, asiwe tishio kwa yeyote. Mwingine hana ugonjwa wowote wa akili, na bado mkewe ana kila sababu ya kumwogopa.

Sehemu kubwa ya elimu tunayoitumia ilizaliwa kutokana na kosa. Mwaka 1959, katika jimbo la New York, Johnnie Baxstrom alihukumiwa kifungo kwa kosa la shambulio. Akiwa gerezani akaonekana kuwa na ugonjwa wa akili, akahamishiwa Dannemora, hospitali ya wafungwa. Kifungo chake kikaisha Desemba 1961, lakini yeye hakutoka. Februari 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuendelea kumzuia namna ile, bila kusikilizwa kama wanavyosikilizwa raia wengine kabla ya kulazwa kwa nguvu, ni kinyume cha katiba. Uamuzi huo ukafungua milango kwa wengi: watu 967 waliokuwa Dannemora na katika hospitali nyingine ya namna hiyo, Matteawan, wakahamishiwa hospitali za kawaida.

Hawa ndio waliokuwa wamezuiwa kwa miaka mingi kwa hoja kwamba ni hatari. Watafiti Henry Steadman na Joseph Cocozza wakafanya jambo ambalo lilikuwa halijafanyika kwa kiwango hicho: waliwafuatilia. Katika miaka minne ya mwanzo, waliolazimika kurudishwa kwenye hospitali ya ulinzi mkali walikuwa 26 tu. Rudia kuisoma hesabu hiyo: 26 kati ya 967. Nyuma ya tofauti hiyo kuna mamia ya watu waliokula miaka wodini kwa sababu mtaalamu alisema "hatari" na hakuna aliyerudi kumhakiki.

Jambo hili halikuishia New York. Kenya, kwa miaka mingi, sheria iliruhusu mtu aliyetenda kosa akiwa mgonjwa wa akili azuiwe bila ukomo kwa ridhaa ya Rais, na baadaye majaji wa Mahakama Kuu wakatamka kwamba utaratibu huo unakiuka Katiba. Anayezuiwa bila tarehe ya mwisho anahitaji mtu wa kuuliza kila mara: sababu ya kumweka humu bado ipo?

Mwaka 1981 John Monahan, mwanasaikolojia na mtafiti, alikusanya tafiti zilizokuwepo, akahitimisha kwamba wataalamu wanapotabiri kuwa mtu atafanya ukatili, hawapatii zaidi ya mara moja kati ya tatu. Miaka miwili baadaye hitimisho hilo lilifikishwa mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani. Thomas Barefoot alikuwa amehukumiwa kifo Texas kwa kumuua polisi. Daktari wa akili James Grigson, ambaye hakuwahi kumpima, aliieleza mahakama kwamba ana uhakika wa asilimia 100 kuwa Barefoot atafanya ukatili tena. Chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliandikia mahakama kuonya kwamba utabiri wa aina hiyo hukosea mara mbili kati ya tatu. Majaji walio wengi waliukubali ushahidi wa Grigson hata hivyo, na Barefoot akanyongwa... hapana, nisahihishe neno ambalo mazoea yetu hulileta mdomoni: Texas walimuua kwa sindano ya sumu, Oktoba 1984. Grigson alifukuzwa na chama hicho mwaka 1995. Ninawasimulia vijana ninaowafundisha kisa hiki kila mwaka, na kila mara nawaomba jambo moja: mtaalamu akisema ana uhakika wa asilimia 100 kuhusu kesho ya binadamu mwenzake, ripoti yake irudishwe.

Kwa nini ni vigumu hivyo? Uzembe si sababu pekee. Hesabu yenyewe ina mtego. Chukua mfano wa watu 100 wanaotoka hospitali, ambao kati yao 5 watamjeruhi mtu ndani ya mwaka. Tuseme tuna kipimo kizuri: kinawanasa 4 kati ya hao 5, na kwa wale 95 wengine kinapatia mara nne katika kila tano. Kipimo hicho kitawataja kimakosa watu 19. Sasa una majina 23 ya "watu hatari", na wenye kustahili jina hilo ni 4. Kadiri tukio linavyokuwa adimu, ndivyo tunavyowanyooshea vidole wasiohusika, hata tukiwa na kipimo kizuri. Nadhani kila hakimu na kila mwandishi wa habari angepaswa kuifanya hesabu hii mwenyewe kwa kalamu.

Watafiti walijibu tatizo hili kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuacha namba ziongee. Kanada, Grant Harris, Marnie Rice na Vernon Quinsey walichambua majalada ya wanaume 618 waliopitia hospitali ya ulinzi mkali ya Oak Ridge, na mwaka 1993 wakatoa kipimo cha vipengele 12 vinavyojumlishwa kupata alama. Kinapanga watu vizuri kuliko hisia za daktari. Lakini vingi vya vipengele hivyo ni vya zamani: utoto ulikuwaje, kosa la kwanza lilifanyika katika umri gani. Mambo hayo hayabadiliki. Alama inakuambia mtu huyu ni wa kundi gani, bila kukuambia Jumatatu asubuhi ufanye nini.

Njia ya pili ndiyo ninayoitumia zaidi. Mwaka 1995, pia Kanada, Christopher Webster na wenzake walitoa mwongozo uitwao HCR-20, ambao toleo lake la tatu lilitoka 2013. Una mambo 20: kumi ya historia ya mtu, matano ya hali yake ya sasa, na matano ya mazingira anayokwenda kuishi. Mtaalamu anatakiwa ayaangalie yote bila kuruka, kisha aamue kwa hekima ya kazi yake, na aandike kwa maneno: ni ukatili wa aina gani unaohofiwa, dhidi ya nani, katika hali gani, na nini kitaupunguza. Hapo swali la ndugu linapata umbo jingine. Nawauliza: kabla ya siku ile, mliona nini kwanza? Hapo wanakumbuka. Aliacha kulala. Akaanza kukataa chakula cha nyumbani akisema kina sumu. Alirudi kwenye gongo. Alikuwa akimtaja mjomba mmoja usiku kucha. Hayo manne yana thamani kuliko neno "hatari" lililopigwa mhuri, kwa kuwa kila moja linaweza kushughulikiwa: nani atatunza dawa, mjomba akae mbali kwa muda gani, simu ipigwe wapi usingizi ukianza kupotea.

Utafiti mkubwa ulioongozwa na Steadman na Monahan unaunga mkono kazi hii ya kuuliza. Wagonjwa 1,136 waliotoka hospitali za Pittsburgh, Kansas City na Worcester walifuatiliwa mwaka mzima, wakihojiwa kila baada ya wiki kumi pamoja na mtu wao wa karibu. Kumbukumbu za polisi na hospitali peke yake zilionyesha ukatili kwa asilimia 4.5 ya wagonjwa. Walipoongeza maneno ya wagonjwa wenyewe na jamaa zao, ikafika 27.5. Majalada, kumbe, yalikuwa yameona sehemu ndogo tu.

Utafiti huo ulitoa jambo jingine ambalo ningependa lifike kila mtaa. Huko Pittsburgh, wagonjwa wasiotumia vibaya pombe wala dawa za kulevya hawakuwa wakatili kuliko majirani zao ambao nao hawakutumia. Ulevi ndio uliopandisha hatari, kwa wagonjwa na kwa wazima. Anayemfukuza jirani mwenye skizofrenia kwenye nyumba ya kupanga "kwa usalama wa watoto" hana utafiti huu upande wake.

Hatari kubwa zaidi mara nyingi iko ndani ya nyumba, tena kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga wodi ya akili. Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alilinganisha na wenzake mauaji ya wanawake katika miji 11 na maisha ya wanawake waliopigwa lakini hawakuuawa, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Mwanamume kuwa na bunduki kuliongeza hatari ya kuuawa takriban mara tano. Kuachana na mwanamume mwenye kumtawala mwenzake kwa nguvu kulikuwa kipindi cha hatari kubwa. Utafiti uliofuata, wa 2008, ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenza wake alikuwa katika hatari ya kuuawa zaidi ya mara saba. Na karibu nusu ya waliouawa au kunusurika hawakuwa wametambua hatari yao ilivyo kubwa.

Kwa hiyo, ukienda Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, usiseme tu "ananipiga". Sema kama aliwahi kukukaba, hata kama hakuacha alama. Sema kama ametishia kuua, kama umeondoka nyumbani karibuni, kama anakufuata kazini. Nanyi askari wa dawati, kama hakusema, muulizeni.

Vipimo hivi vyote vimetoka kwingine. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Kanada iliilaumu idara ya magereza ya nchi hiyo kwa kutohakikisha kwamba vipimo ilivyotumia vinawafaa wafungwa wa jamii za asili, na hao waliishi nchi ile ile ambamo baadhi ya vipimo vilitengenezwa. Sisi tuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu. Swali kuhusu bunduki lina uzito mwingine mahali ambapo silaha iliyo karibu ni panga la shamba. Swali la "anaishi peke yake?" halipimi kitu kile kile katika nyumba ya watu kumi na wawili.

Kutafsiri fomu hakutoshi, na hatuhitaji kusubiri fedha nyingi ili tuanze. Kila hospitali inayotoa ripoti za namna hii iwe na daftari moja: nani aliruhusiwa, tulitabiri nini, na kwa sababu gani. Baada ya miezi mitatu, kisha sita, kisha kumi na miwili, muuguzi ampigie ndugu simu, aandike kilichotokea kando ya kile tulichokuwa tumekiandika.