Kabla ya Kutoboa Dari: Kupanga Mahali pa Vihisi vya Kuhesabia Watu Mlangoni

Swali tunaloulizwa mara nyingi na wasimamizi wa maktaba, hospitali na maduka makubwa ni hili: mlango wetu unahitaji vihisi vingapi? Kipeperushi cha muuzaji huwa na jibu la haraka, kwamba kifaa kimoja kinafunika mita sita. Kauli hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini ni ya kweli sakafuni, na hakuna mtu anayehesabiwa sakafuni. Mtu huhesabiwa kichwani, na hapo ndipo mipango mingi ya ufungaji huanza kwenda mrama hata kabla fundi hajapanda ngazi.

Kihisi cha darini ni kifaa kidogo kinachotazama chini wima, kikatambua umbo la kichwa na mabega, kikafuata njia ya mtu huyo, na kuongeza moja kwenye hesabu ya kuingia au ya kutoka anapovuka mstari uliochorwa ndani ya programu. Vingine vina lenzi mbili zinazofanya kazi kama macho mawili, vikapima kina kwa kulinganisha picha mbili, na hivyo vinahitaji mwanga wa kutosha. Vingine hutoa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho na kupima muda ambao mwanga huo unatumia kwenda na kurudi, hivyo giza si tatizo kwao, ila jua kali linaweza kuwa tatizo. Vipo pia vinavyotegemea joto la mwili, na hivi tunashauri vitumike kwa tahadhari katika miji ya pwani, kwa sababu ngozi ya mtu huwa na joto la nyuzi 33 hadi 35 hivi, na sakafu iliyopigwa na jua la mchana inaweza kufika hapo hapo, tofauti kati ya mtu na sakafu ikafifia. Vyote hivi vinazidi kwa mbali ule mwali wa zamani unaokatiza mlango kwa usawa wa kiuno, ambao watu wawili wakipita bega kwa bega huwahesabu kuwa mmoja.

Eneo ambalo kihisi kinaliona lina umbo la hema: kileleni ni jembamba, chini ni pana. Ukitaka kujua upana wake kwa usawa wa vichwa, chukua urefu wa dari, toa kimo cha mtu, kisha tafuta upana kwa pembe ya kuona ya kifaa. Kwa kifaa chenye pembe ya nyuzi 90 hesabu ni rahisi, kwa kuwa upana ni mara mbili ya masafa yaliyobaki kati ya kichwa na dari. Dari ikiwa na mita 3, sakafuni utapata mita 6 kama kipeperushi kinavyosema. Kwa mtu wa mita 1.8, masafa yaliyobaki ni mita 1.2, na upana halisi ni mita 2.4 tu. Dari ikishuka hadi mita 2.4, upana huo unakuwa mita 1.2, ambao hautoshi hata mlango wa kawaida wa mabawa mawili. Tunapendekeza kimo cha mita 1.8 kitumike katika kupanga, kwa sababu walio wafupi zaidi huonekana katika eneo pana zaidi, na anayekosekana pembeni huwa ni mrefu.

Tuchukue mlango mmoja tuupime pamoja. Ni mlango wa maktaba, una mabawa manne ya kioo yenye sentimita 90 kila moja, yaani upana wa mita 3.6, na dari yake ina mita 3. Msimamizi akifunga kihisi kimoja katikati, kitaona mita 2.4, na kila upande itabaki sentimita 60 isiyoonekana. Sentimita 60 ni nafasi ya kutosha mtu mzima kupita. Tena si nafasi inayopitwa kwa bahati, kwani wanafunzi wanaotoka wakiwa wameshika simu hupenda kutembea kando ya ukuta, na anayeona msongamano katikati hukwepa pembeni. Kasoro ya namna hii haimkosi kila mtu kwa usawa. Hukosa zaidi saa ambazo mlango una watu wengi, yaani saa zile zile ambazo msimamizi anazihitaji ili ajue kama aongeze wahudumu.

Jibu la mlango huo ni vihisi viwili, kila kimoja kikiwa sentimita 90 kutoka mstari wa katikati. Kati ya kimoja na kingine kutakuwa na mita 1.8, maeneo yao yataingiliana kwa sentimita 60, na kwa pamoja vitafunika mita 4.2, yaani sentimita 30 zaidi ya mlango kila upande. Mwingiliano huo ni wa lazima, kwa kuwa bila huo mtu anayepita kwenye mpaka wa vihisi viwili anaweza kukatwa nusu kwa nusu na asihesabiwe na chochote. Lakini ni lazima pia programu iunganishe picha za vihisi hivyo na kuzichukulia kama eneo moja, la sivyo mtu huyo atahesabiwa mara mbili. Muulize muuzaji jambo hili kabla ya kulipa, na umtake akuonyeshe kwa macho.

Baada ya upana huja umbali kutoka mlangoni. Bawa linalofunguka kuelekea ndani hupita ndani ya eneo la kihisi, likamfunika mtu au likaonekana kama kitu kinachotembea. Kwa mlango wetu wa mfano, bawa lina sentimita 90 na nusu ya eneo la kihisi kwa usawa wa kichwa ni mita 1.2, kwa hiyo kihisi kikae si chini ya mita 2.1 kutoka mlangoni. Mlango ukifunguka kuelekea nje au ukiwa wa kuteleza, kinaweza kusogezwa karibu zaidi, na tungependa hivyo. Kila hatua unayokisogeza ndani, watu hupata nafasi ya kutawanyika: mmoja anakata kona kuelekea kaunta ya kukabidhi mizigo, mwingine anasimama kusoma tangazo, na wote wawili hawajavuka mstari. Hakuna umbali mmoja unaofaa kila jengo, na ndiyo maana tunasisitiza kwamba mpangaji asimame mlangoni kwa saa nzima asubuhi na saa nyingine jioni, akiwa na karatasi na mchoro wa jengo, akichora njia ambazo miguu ya watu inafuata kweli.

Saa hizo mbili humfundisha mambo ambayo mchoro wa mhandisi hauna. Katika majengo mengi ya Nairobi na Dar es Salaam, mlangoni kuna mlinzi mwenye kifaa cha kukagulia, na mbele yake foleni. Watu wakiwa kwenye foleni husimama, husogea mbele, hurudi nyuma kutoa funguo mfukoni, na mstari wa kuhesabia ukipita katikati yao utahesabu kila msogeo. Mstari uwekwe baada ya ukaguzi, mahali ambapo mtu ameshachukua mkoba wake na anatembea moja kwa moja. Wakati wa masika, baraza la mbele hujaa watu wanaojikinga mvua, wengi wao hawana haja yoyote na jengo, hivyo kihisi kisifungwe barazani hata kama pale ndipo dari ni nzuri zaidi. Katika nyumba za ibada watu huinama kuvua viatu, na kichwa kilichoinama hushuka chini ya kimo ambacho kifaa kimeelekezwa kukitambua.

Kimo hicho kinahitaji maamuzi ya kibinadamu, na tunaomba msimamizi asimwachie fundi. Mama aliyembeba mtoto mgongoni kwa kanga, ukimtazama kutoka juu, ni mtu mmoja. Amueni mapema kwamba mtoto wa mgongoni hahesabiwi, liandikwe, na lisibadilishwe kila mwaka. Mchukuzi mwenye gunia kichwani, au mteja ambaye bado hajafunga mwavuli, anaweza kukataliwa na programu kwa sababu kichwa na mabega havionekani. Kubwa kuliko yote ni kiti cha magurudumu. Wapo wasimamizi wanaoweka kimo cha chini kuwa mita 1.4 ili watoto wasiingie kwenye hesabu. Kichwa cha mtu mzima aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu huwa karibu mita 1.3 kutoka sakafuni, maana yake ni kwamba kwa kuwaondoa watoto, jengo limewafuta pia watu wenye ulemavu. Mwaka unaofuata atatokea wa kuuliza kama mteremko wa kiti cha magurudumu una watumiaji, na namba zitasema hakuna. Kama watoto ni lazima wachujwe, pateni kifaa kinachoweza kutofautisha umbo la kiti. Kama hamna, wahesabuni wote.

Sasa inueni macho juu. Katika majengo ya pwani, adui mkubwa wa kihisi ni pangaboi, kwa sababu huning'inia chini ya dari, na mapanga yake yakipita ndani ya lile hema la kuona humkata kila mtu vipande. Mpangaji apime usawa wa mapanga, si wa dari peke yake. Taa zinazoning'inia, kibao cha kuonyesha njia ya kutokea na mabango ya matangazo ya msimu nayo huingia humo. Dari ikiwa ya mteremko, kihisi kipewe kishikio kinachokirudisha kutazama chini wima. Dari ikiwa juu mno, mita 6 kwa mfano, vichwa huonekana vidogo, na suluhisho ni lenzi yenye pembe nyembamba au bomba la kukishusha, mradi bomba liwe la chuma lisilotikiswa na upepo.

Jua linastahili kutazamwa kwa kalenda. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwezi Machi na mwezi Oktoba. Ukumbi wenye paa la kioo, ambao mwezi Juni una kivuli kizuri saa sita mchana, mwezi Machi unakuwa na doa la jua katikati ya sakafu, chini ya kihisi. Milango inayotazama mashariki au magharibi ina tabu yake ya kila siku, asubuhi au jioni, pale mwanga unapoingia chini chini na kufika mbali ndani. Hapo kihisi kinachopima kwa mwanga wa infraredi kisogezwe hadi kwenye kivuli, au kioo kiwekewe karatasi ya kupunguza jua.

Kuhusu nyaya hatutasema mengi. Vifaa vingi hupata umeme na mtandao kwa kebo moja kutoka kwenye swichi ya mtandao, kwa kiwango cha IEEE 802.3af kinachotoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, na kebo hiyo isizidi mita 100. Swichi iunganishwe na UPS, yaani betri ya akiba, kwani umeme ukikatika kwa dakika arobaini, watu wa dakika hizo hawatarudi kuhesabiwa.

Vihisi vikishafungwa, vipimwe. Watu wawili wasimame mlangoni na vihesabio vya mkono, mmoja ahesabu wanaoingia na mwingine wanaotoka, mara tatu kwa siku: saa mbili asubuhi, adhuhuri na jioni. Hesabu ya jumla isiwadanganye. Wakiingia watu 200, kihisi kikakosa 10 waliopita ukutani na kikaongeza 10 kwa sababu ya toroli, jumla itasoma 200 na ripoti itasema usahihi ni kamili, ilhali kuna makosa mawili yanayofichana. Linganisheni kwa vipindi vya dakika tano, kuingia mbali na kutoka mbali. Na mkitaka kujua idadi ya watu waliomo ndani kwa wakati mmoja, fahamuni kwamba makosa madogo hulimbikizana: wakiingia watu 1,000 na kihisi kikasoma 980, kisha wakatoka wote na kikasoma 990, jengo tupu litakuwa na watu kumi pungufu ya sifuri. Hesabu hiyo irudishwe sifuri kila usiku baada ya mlinzi kuthibitisha kwamba ndani hamna mtu, na isitumike peke yake kuamua kama jengo limeisha watu wakati wa moto.

Wapitao wana haki ya kujua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Chagueni kifaa kinachokamilisha hesabu ndani yake chenyewe na kutuma namba tu, bila picha kutoka nje ya kifaa. Kama picha itarekodiwa kwa ajili ya majaribio, wekeni siku ya kuifuta na mtu wa kuwajibika. Tangazo mlangoni liandikwe kwa Kiswahili chepesi: hapa tunahesabu idadi ya watu, haturekodi sura wala majina.

Mwisho wa kazi, fundi aache karatasi moja kwa msimamizi, si kwenye kompyuta yake mwenyewe: urefu wa dari, kimo kilichowekwa, umbali kutoka mlangoni, mahali mstari ulipo, na picha ya mlango ulivyokuwa siku hiyo. Kaunta ikihamishwa, pangaboi likibadilishwa, mlinzi akisogezwa au buibui akitanda utando mbele ya lenzi, karatasi hiyo itolewe na kipimo cha mkono kifanywe upya siku hiyo hiyo.