Bastola kubwa haimwangushi tembo

Huku Liwale tembo wakivamia mashamba, utasikia kijiweni: askari wa wanyamapori wapewe zile bastola kubwa za silinda, yaani zenye kikopo cha risasi kinachozunguka, mnyama ataanguka papo hapo. Si kweli, na imani hiyo inaweza kumuua mtu.

Risasi ya .44 Magnum, ya bastola hizo, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1955, ina gramu 15 hivi na nishati ya takriban jouli 1,500. Ile ya bunduki ya .458, ambayo wawindaji huitumia kwa tembo, ina gramu 32 na jouli zaidi ya 6,000. Kichwa cha tembo kimejaa mfupa wenye vishimo vishimo, ubongo uko nyuma kabisa. Risasi nyepesi huishia njiani. Halafu bastola hiyo hupiga teke, mtutu unaruka juu, na risasi ya pili inachelewa wakati mnyama anakuja.

Mvuto wake naukubali. Risasi ikigoma kulipuka, unavuta tena kifyatulio, silinda inazunguka, inayofuata inakaa tayari. Ndiyo maana huko Alaska, Marekani, wengine huibeba kujihami na dubu. Lakini dubu ana mamia ya kilo. Tembo dume hufika tani 6.