Msawazo si usawa

Juzi asubuhi, ndani ya matatu ya Rongai, mgeni wa kipindi cha redio alisema bei ya nyanya "imefikia msawazo, kwa hivyo ni bei ya haki kwa kila mtu." Mama aliyeketi kando yangu akaguna, dereva akaongeza sauti, na mimi nikafika mjini bado nikiliwaza neno hilo. Nimelisikia likitumiwa hivyo mara nyingi mno.

Msawazo, au ekwilibriamu kama wengi wetu tulivyofunzwa shuleni, ni hali ambapo mambo yanayovutana ndani ya mfumo yamefutana, na mfumo wenyewe hauna tena sababu ya ndani ya kubadilika. Maana ni hiyo tu. Mwanafizikia, mkemia na mwanauchumi wanatofautiana kuhusu kinachovutana.

Utata unaanzia kwenye mzizi. Neno letu limetoka kwa "sawa", ambalo tulilipokea kutoka Kiarabu na kulipa kazi nyingi kupita kiasi. Sawa ni ndiyo. Sawa ni tambarare. Sawa ni kulingana, na kwa watu wengi sawa ni haki. Mtangazaji wa mpira akisema timu imesawazisha, ni bao moja kwa bao moja. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 204, ilianzisha Hazina ya Usawazishaji, inayotengewa nusu ya asilimia moja ya mapato ya serikali ya kitaifa ili maji, barabara, hospitali na stima vifike maeneo yaliyoachwa nyuma. Hapo kusawazisha kweli ni kutenda haki. Basi mtu akisikia "msawazo", sikio lake linaelekea huko lenyewe, na simlaumu.

Lakini Kilatini kilichozaa ekwilibriamu kina maneno mawili: aequus, yaani sawa, na libra, yaani mizani. Sisi nusu ya pili tuliiacha njiani, ilhali mizani tunayo, nayo ni ya ukoo mmoja na "uzani". Ningekuwa na uwezo ningelirudisha neno mizani ndani ya kila somo la msawazo, maana lingetuondolea kosa hili mapema. Fikiria mizani ya vitanga viwili, ile ya zamani. Muuzaji aliyechimba jiwe lake la kilo likabaki gramu 900 atakupimia maharagwe, na mkono wa mizani utalala sawasawa. Vitanga vimelingana kikamilifu, na wewe umeibiwa gramu 100. Msawazo unakueleza habari za mkono wa mizani. Kuhusu uhalali wa jiwe hausemi lolote.

Turudi kwenye nyanya. Bei ya msawazo ni ile ambayo kiasi ambacho wauzaji wako tayari kuuza kinalingana na kiasi ambacho wanunuzi wako tayari kununua. Na hapa tafsiri imetuponza mara ya pili, kwa kuwa tunasema "ugavi na mahitaji". Mahitaji, kwa Kiswahili cha nyumbani, ni yale usiyoweza kuishi bila. Kwa mwanauchumi ni hamu iliyo na pesa mkononi. Mama anayefika soko la Marikiti, akauliza bei, akaguna na kuondoka mkono mtupu, ana mahitaji nyumbani kwake lakini hayumo kwenye mahitaji ya soko. Soko linaweza kusawazika barabara huku yeye na wanawe wakilala bila mboga. Hakuna kanuni ya uchumi iliyovunjwa, na hakuna mwanauchumi makini atakayekuambia kwamba kwa sababu hiyo bei ni ya haki.

Mwanahisabati Mmarekani John Nash aliliweka jambo hili wazi zaidi. Mwaka 1950 alieleza msawazo wa aina nyingine: hali ambapo hakuna mshiriki anayeweza kujifaidi kwa kubadilisha uamuzi wake peke yake, wengine wakibaki walivyo. Kazi hiyo ilimpa Nobel ya uchumi mwaka 1994. Tazama barabara ya Jogoo Road, Nairobi, saa moja asubuhi. Kila dereva anaovalapu, yaani anaiacha foleni ili awapite wenzake, msongamano unazidi, na wote wanachelewa. Lakini atakayerudi kwenye foleni peke yake atachelewa kuliko wenzake, basi harudi. Huo ni msawazo, na hakuna anayeufurahia.

Wala msawazo si utulivu. Ndani ya chupa ya soda iliyofungwa, gesi inatoka kwenye kinywaji na kurudi humo bila kukoma. Kasi za kutoka na kurudi ndizo zimelingana, nasi tukitazama tunadhani hakuna kinachoendelea. Fungua kifuniko, kanieneo, yaani msukumo wa gesi, ishuke, uone inavyotoka kwa povu. Hata gololi juu ya mgongo wa bakuli lililopinduliwa inaweza kuwa kwenye msawazo, ingawa pumzi moja itaiangusha.

Yule mgeni wa redio huenda alitaka kusema bei imetulia, yaani haipandi wala haishuki wiki hizi. Neno hilo lingemtosha, na mama wa kando yangu angelielewa. Kama alitaka kusema ni ya haki, ilimpasa atuambie kwanza mkulima analipwa ngapi kwa kreti, na ni nani aliyerudi nyumbani bila nyanya.