Kivuli si cheusi: maneno wanayoambiwa wachoraji wa nje Bagamoyo

Ukikaa ufukweni Bagamoyo na kanvasi yako, wapita njia hawakosi la kusema. Mengine niliwahi kuyaamini mwenyewe.

"Kivuli ni cheusi." Hili ndilo gumu kuling'oa. Nenda saa moja na nusu asubuhi, usimame nchi kavu: jua liko upande wa bahari, na kivuli cha mashua iliyokwama kinakujia miguuni. Kitazame vizuri. Jua halikifikii, lakini anga linakifikia, kwa hiyo kina ubuluu. Tumbo la mashua nalo limepata wekundu kidogo, kwa sababu mchanga unarudisha nuru juu. Paka nyeusi tupu hapo, utadhani ardhi imetobolewa. Mchoraji Claude Monet na wenzake walichekwa Ufaransa kwa vivuli vyao vya zambarau. Macho yao yalikuwa sahihi.

"Jua kali ndiyo mwanga mzuri." La hasha. Tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena Oktoba, jua la adhuhuri hutukaa utosini, na kuta za magofu ya Kaole huonekana bapa. Likiwa chini, kila jiwe la matumbawe hupata upande wake wa giza. Kanvasi yenyewe isikae juani: inang'aa mno, unajikuta unazidisha rangi nzito, na ukiingia ndani picha imefifia gizani. Tafuta mwembe. Mwavuli mwekundu usiuguse, utatia wekundu kila kitu.

"Kuchora nje kulianza na rangi za tyubu." Tyubu ya bati, aliyoibuni John Goffe Rand mwaka 1841, ilirahisisha mno, lakini mchoraji Mwingereza John Constable alikuwa akichora mawingu ya Hampstead, London, tangu 1821.

"Fundi humaliza palepale." Monet alilichora kanisa kuu la Rouen, Ufaransa, zaidi ya mara 30, akibadilisha kanvasi kila mwanga ulipobadilika. Kwetu yapo na maji: mashua iliyolala mchangani asubuhi, baada ya muda wa saa sita hivi inaelea. Mimi huweka alama za vivuli vyote dakika kumi za mwanzo, kisha sivigusi tena hata jua lisogee vipi. Kesho yake, anga likiwa safi, narudi saa ileile, ila mashua nakuta maji yameipa mkao mwingine.