Jina Moja Kabla ya Maelfu: Kuwafundisha Watoto Kuwakumbuka Waliokufa Vitani

Katika miaka niliyoandaa masomo ya historia kwa wanafunzi wa shule za msingi, nimewaona walimu wengi wakilianza somo hili kwa idadi: milioni kadhaa hapa, laki kadhaa pale. Nia yao ni njema, lakini mtoto wa miaka tisa hana namna ya kuibeba milioni kichwani, naye huishia kusikiliza kwa adabu bila kuguswa. Mimi huanza na jina.

Mnara wa Thiepval, kaskazini mwa Ufaransa, umechongwa majina zaidi ya 72,000 ya askari wa Uingereza na Afrika Kusini waliokufa katika eneo la mto Somme wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na ambao makaburi yao hayajulikani. Nikiwaonyesha watoto picha ya mnara mzima, wanachostaajabia ni ukubwa wa jengo. Nikiwaonyesha safu moja tu ya majina, kisha nikamtaka kila mmoja achague jina, aliandike kwa mwandiko wake na kujiuliza ni nani aliyekuwa akiliita nyumbani, maswali humiminika: alikuwa na umri gani, mama yake alizipataje habari, mbona hana kaburi? Katika hilo la mwisho ndimo lilimo somo lenyewe, kwa kuwa ukumbusho wa namna hii ulijengwa kwa ajili ya jamaa ambao hawakuwa na mahali pa kwenda kulia.

Baada ya hapo huwageuzia upande wa pili. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, ina maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu yanayowataja askari na wapagazi Waafrika wa vita hivyohivyo, lakini haina jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi baada ya ripoti kubainisha kwamba watu wapatao 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au pengine hawakukumbukwa kabisa. Hapa sihitaji kueleza sana. Watoto ni wepesi kuona palipo na upendeleo, na huuliza wenyewe ni nani aliyeamua nani aandikwe na nani aachwe.

Tarehe nayo inastahili kuchunguzwa. Desturi ya kunyamaza kwa dakika mbili ilianza Uingereza tarehe 11 Novemba 1919, mwaka mmoja tangu mapigano yakome huko Ulaya saa tano asubuhi. Ilhali jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, lilisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baadaye. Kwa wanafunzi wakubwa kidogo, pengo hilo ni mada ya kipindi kizima.

Ukimya wenyewe hauamrishwi tu. Kwa watoto wadogo dakika moja inatosha, na ni lazima wawe na jambo la kuwaza, kama lile jina waliloliandika. Akitokea anayecheka, na hakosekani, asiadhibiwe. Mara nyingi kicheko hicho ni cha haya. Zamani niliwahi pia kuwaruhusu wanafunzi waigize mapigano darasani, nikaacha kabisa nilipoona kwamba walichoondoka nacho ni raha ya kufyatua bunduki za kubuni. Picha za maiti hazina nafasi katika umri huu, na mwalimu azungumze mapema na wazazi, kwa sababu huenda darasani kuna mtoto ambaye vita si historia kwake, naye aruhusiwe kutoshiriki bila kuulizwa sababu mbele ya wenzake.

Swali ambalo walimu hulikwepa ni la adui: je, na yeye hukumbukwa? Mimi huwapa picha za makaburi ya Langemark nchini Ubelgiji, walikozikwa askari wa Ujerumani zaidi ya 44,000, zaidi ya nusu yao katika kaburi moja la pamoja, na kuwataka wachague jina jingine, waliandike katika ukurasa uleule, chini ya lile la kwanza.