Kabla hujafunga tabo kwenye 1HZ

Wenye magari ya watalii huja karakana ya chuo na lalamiko lilelile: gari haina toki (nguvu ya msokoto wa injini), inachoka kupanda Ngorongoro. Mara nyingi ni Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda 6 isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), na mwenyewe ameshashauriwa mtaani afungue pampu ya dizeli imwage dizeli zaidi.

Injini hiyo ilitoka kiwandani na toki ya 285 Nm (nyutoni mita) kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Chukua spana ya urefu wa mita moja, ning'iniza kilo 29 kwenye ncha yake; msokoto utakaoupata ni karibu huohuo.

Toki huzaliwa na hewa na mafuta yanayoungua pamoja ndani ya silinda. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya Dar es Salaam. Hata 1HZ mpya itazembea. Sasa ongeza eyaklina (chujio la hewa) iliyoziba vumbi la Serengeti, tapeti (nafasi za valvu) ambazo hazijasetiwa miaka, na nozeli za kupuliza dizeli zilizochoka. Nozeli nzima ikipimwa kwenye mashine hupuliza ukungu laini na kukata ghafla. Mbovu hutiririsha, kisha huacha tone linaning'inia kwenye ncha. Anza na hivyo vitu, pamoja na kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Kwa maoni yangu nusu ya wanaotaka tabo wangeishia hapo.

Kufungua pampu bila kuongeza hewa ni kununua moshi. Ule weusi unaotoka kwenye ekzosi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuunguzwa, na joto linalopanda huishia kwenye pistoni na silinda hedi.

Angalia na matairi. Ukifunga yenye kipenyo kikubwa kwa asilimia 10, nguvu ya kusukuma gari inapungua kwa karibu asilimia 9, ingawa injini haijaguswa. Gia namba moja na difu (gia za ekseli) kwa pamoja huzidisha toki zaidi ya mara kumi, na gia ndogo ya 4x4 huizidisha tena zaidi ya mara mbili. Kwenye mlima wa kreta madereva wengi huisahau.

Tabo inaongeza toki kweli. Toyota wenyewe walitengeneza injini ya tabo, 1HD-FTE, yenye ujazo uleule wa sentimita za ujazo 4,164, ikatoa 430 Nm. Lakini hawakubandika tabo tu: uwiano wa kompresheni ulishushwa kutoka 22.4 hadi 18.8 na dizeli ikaanza kupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni. 1HZ yako haina hayo. Ukiamua kuifunga, presha iwe ndogo, weka intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo), pampu isetiwe na fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, na dereva awe na geji ya joto la ekzosi mbele yake.

Tenga pia bajeti ya klachi, kwa sababu ile ya zamani itaanza kuteleza kwenye mlima wa kwanza ukiwa na abiria saba na mizigo yao.