Diski ya tera moja haikupi tera moja ya RAM

"Injinia, tumekwishanunua NVMe ya tera moja, sasa seva yetu ina RAM ya kutosha." Nalisikia neno hili kwa mameneja wa SACCO, kwa wahasibu wa shule, kwa vijana wa IT wa hospitali, Kampala, Mbarara na Gulu, na mara nyingi nalisikia pesa zikiwa zimekwishatoka. Nia yao ni njema. Mfumo umekuwa mzito, wanachama wamepanga foleni dirishani, na mtu dukani amewaambia kwamba diski ile ya NVMe, yaani diski ya flashi yenye kasi, ni ya kupanua kumbukumbu, yaani RAM, mahali prosesa inapofanyia kazi data. Nimelieleza jambo hili kwa simu mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nalieleza kwa maandishi.

Dhana: ukiweka NVMe kubwa kama swapu, umeongeza RAM

Hujaongeza. Umeipa kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, mahali diskini (ndiyo swapu) pa kuweka kurasa, yaani vipande vidogo vya kumbukumbu, ambazo hazitumiki, ili RAM ileile uliyokuwa nayo ipumue. Prosesa haiwezi kuufanyia kazi ukurasa ulioko kwenye swapu. Programu ikiugusa, kerneli huisimamisha programu hiyo, huusoma ukurasa wa KB 4 kutoka diskini, huurudisha kwenye RAM, na kama RAM imejaa hulazimika kwanza kuutoa ukurasa mwingine. Hapo ndipo programu inaendelea. Wakati huo wote, karani aliyebofya "hifadhi" anatazama skrini.

Tuangalie tarakimu, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika. RAM ya seva hujibu kwa takriban nanosekunde 100. NVMe nzuri ya flashi hujibu kwa takriban maikrosekunde 100, yaani polepole mara elfu moja. Muuzaji hakwambii hivyo. Anakuonyesha kasi ya kusoma faili kubwa kwa mfululizo, GB kadhaa kwa sekunde, na tarakimu ile ni ya kweli. Lakini programu haisomi kumbukumbu kama inavyosoma filamu. Inaruka huku na huko, kipande kidogo kidogo, na kwa kazi ya namna hiyo kinachohesabiwa ni muda wa kusubiri kila kipande.

Sasa piga hesabu. Ikiwa katika maombi 100 yanayofika kwenye kumbukumbu, 99 yanaikuta data kwenye RAM na moja tu linaangukia diskini, wastani wa kila ombi ni nanosekunde 1,099. Mfumo wako umekuwa mzito mara kumi na moja kwa sababu ya asilimia moja tu. Ikiwa ni ombi moja katika 1,000, wastani ni karibu nanosekunde 200, yaani mara mbili. Ikiwa ni moja katika 10,000, wastani ni nanosekunde 110 na hakuna atakayelalamika. Kwa hiyo ukubwa wa diski haukwambii lolote. Swali ni moja: kurasa zinazokwenda diskini zinaguswa mara ngapi?

Jibu linategemea kazi ya seva. Seva yenye makontena mengi, yaani programu zilizofungashwa kila moja peke yake, ambayo nusu yake yamelala hunufaika sana na NVMe ya swapu, kwa sababu kurasa za makontena yaliyolala zinaweza kukaa diskini siku nzima bila kuitwa. Lakini mifumo ya Java ni jambo jingine kabisa, na hapa Uganda tunayo mingi: DHIS2 inayotumiwa na Wizara ya Afya kwa takwimu za vituo vya afya ni ya Java, na Apache Fineract, ambayo taasisi za fedha ndogondogo huijengea mifumo yao, ni ya Java pia. Java ina mkusanya taka ambaye kila baada ya muda hupita kwenye heapu, yaani eneo la kumbukumbu ambamo programu huweka vitu vyake, akitafuta vitu visivyohitajika tena. Anapofanya usafi kamili, anavigusa vitu vyote vilivyo hai. Kama robo ya heapu iko kwenye swapu, robo nzima itarudishwa kwenye RAM ukurasa kwa ukurasa, huku programu imesimama. Nimeona seva yenye RAM ya GB 32 ambayo mtu aliipandishia `-Xmx`, kikomo cha heapu, hadi GB 64 kwa kuamini NVMe itabeba zilizobaki. Watumiaji walidhani mtandao umekatika. Mtandao ulikuwa mzima.

Hifadhidata ya PostgreSQL nayo usiifanyie hivyo. Ukiipa `shared_buffers`, eneo lake la RAM la kuwekea data, kubwa kuliko RAM inavyoweza kubeba, kurasa za hifadhidata zitaandikwa kwenye swapu, kisha zikihitajika zitasomwa kutoka kwenye swapu, kisha zitaandikwa kwenye faili zake halisi. Unafanya kazi mara mbili ili upate mwendo mdogo zaidi. Redis, hifadhidata inayoishi ndani ya RAM, inapopiga picha ya data yake kwa ajili ya kuihifadhi, hupitia kumbukumbu yake yote, na kila kilichokuwa kimelala kwenye swapu huamshwa.

Chimbuko la dhana hii nalijua. Mwaka 2017 Intel ilianza kuuza vijiti vya M.2 vya GB 16 na GB 32 vilivyoandikwa Optane Memory, na kompyuta za mkononi zenye RAM ya GB 4 na kijiti cha GB 16 zikatangazwa madukani kama zenye kumbukumbu ya GB 20. Kijiti kile kilikuwa kache ya diski, yaani akiba ya karibu ya data inayosomwa mara kwa mara, basi. Mwaka huohuo Intel ilileta Memory Drive Technology kwa ajili ya seva zenye diski za Optane P4800X, na mwaka 2018 Western Digital ikatangaza Ultrastar DC ME200, diski ya flashi iliyouzwa waziwazi kuwa ni ya kupanua kumbukumbu. Hizi mbili zilifanya kweli zaidi ya swapu: tabaka la programu lilianza kabla ya Linux, likaunganisha RAM na diski, na Linux ikaona kumbukumbu moja kubwa. Tabaka hilo lilijifunza jinsi programu zinavyosoma na kuvuta kurasa mapema kabla hazijaombwa. Hata hivyo lilihitaji leseni yake na seva zinazokubalika, na halikubadilisha mwendo wa flashi yenyewe. Mtu akikuuzia diski tupu bila programu hiyo, amekuuzia NVMe ya kawaida. Tena biashara ya Optane, Intel ilitangaza kuifunga Julai 2022, kwa hiyo unayoiona leo ni ya mitumba au ya akiba ya zamani.

Sisemi P4800X iliyotumika ni mbaya. Kwa swapu ni diski bora kuliko karibu zote utakazokutana nazo, maana hujibu kwa takriban maikrosekunde 10 na hustahimili kuandikwa sana. Ukiipata ikiwa nzima, inunue. Lakini hata hiyo ni polepole mara mia kuliko RAM.

Kuna upanuzi wa kumbukumbu ambao hauna ujanja, nao ni CXL. Kadi ya CXL ina RAM halisi ndani yake, inakaa kwenye sloti ya PCIe, na Linux huiona kama nodi ya NUMA, yaani fungu la kumbukumbu, isiyo na prosesa. Utaiona kwa `numactl -H`. Inahitaji prosesa za karibuni: EPYC 9004 za mwishoni mwa 2022, au Xeon za kizazi cha nne zilizotoka 2023. Seva nyingi tulizonazo ofisini ni za zamani kuliko hizo, kwa hiyo simshauri mteja wangu aanzie huko.

Ninachomshauri kwanza ni afungue seva, au hata asiifungue: aandike `dmidecode -t memory` na ahesabu sloti zilizo tupu. Nimekuta seva yenye sloti 24 iliyojazwa nne tu, na mwenye nayo anatafuta NVMe. Vijiti vya RAM vya DDR4 vyenye ECC, yaani vinavyosahihisha makosa, vilivyotumika vinapatikana Kampala. Angalia tu kama seva yako inataka RDIMM au LRDIMM, aina mbili za vijiti vya seva, usivichanganye, na ujaze chaneli zote za prosesa kwa usawa. Ukimaliza RAM yote ambayo seva inakubali na bado huitoshelezi kazi, njoo tuzungumze kuhusu diski.

Na ukishaamua kuiweka

Iweke vizuri. Kwa `lspci -vv` angalia mstari wa LnkSta: diski ya njia nne iliyowekwa kwenye sloti ya njia moja itakupa robo ya upana wake bila kulalamika. Kwenye seva ya prosesa mbili, soma `/sys/class/nvme/nvme0/device/numa_node` ujue diski iko upande wa prosesa gani. Tengeneza patisheni, `mkswap`, kisha uiandike kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski zinazowekwa seva ikiwaka, kwa UUID yake, yaani kitambulisho chake, na kamwe usitumie jina kama nvme0n1, kwa sababu ukiongeza diski nyingine majina hayo yanaweza kubadilishana seva ikiwashwa upya. Ipe `pri=` kubwa kuliko swapu ya diski ya kuzunguka, kama bado unayo; kerneli hujaza kwanza yenye kipaumbele kikubwa. Na `vm.page-cluster` ishushe hadi 0. Kawaida yake ni 3, maana yake kerneli ikihitaji ukurasa mmoja hujaribu kuvuta nane. Hilo lilikuwa na maana kwa diski za kuzunguka. Kwa NVMe unavuta mzigo ambao hukuuomba.

Kabla ya hayo yote jaribu zram. Imo ndani ya kerneli rasmi tangu toleo 3.14 la mwaka 2014, haihitaji kununua chochote, na hubana kurasa ndani ya RAM yenyewe. Fedora huiweka kama swapu ya kawaida tangu toleo la 33. Kwa seva ndogo ya ofisi, zram yenye kipaumbele cha juu na NVMe nyuma yake ndio mpangilio ninaoupenda kuliko mingine yote.

Nyingine nazijibu kwa ufupi

"Swapu iwe mara mbili ya RAM." Kanuni hiyo ni ya enzi za RAM ya megabaiti. Seva ya GB 128 haihitaji swapu ya GB 256. Weka kiasi kinachotosha kurasa zilizolala. Kwa wateja wangu wengi ni kati ya GB 8 na GB 32.

"RAM ikiwa kubwa, zima swapu kabisa." Ukizima, kurasa za programu zilizolala hazina pa kwenda, na kerneli inabaki na kitu kimoja cha kuondoa: kurasa zinazotoka kwenye faili, zikiwemo za msimbo wa programu zako zenyewe. Seva itakwama ikisoma faili zilezile tena na tena kabla muuaji wa OOM, sehemu ya kerneli inayoua programu RAM ikiisha, hajaingia kazini.

"Nimeweka swappiness 0, kwa hiyo swapu imezimwa." Haikuzimwa. Swappiness ni kipimo cha jinsi kerneli inavyopendelea kutumia swapu. Umeiambia kerneli isiiguse mpaka hali iwe mbaya sana. Kuzima ni `swapoff`. Kawaida ya swappiness ni 60, na tangu kerneli 5.8 inaweza kupanda hadi 200, jambo linalofaa hasa kwa zram.

"Safu ya free inaonyesha MB 300 tu, RAM imekwisha." Kwenye matokeo ya amri ya `free`, soma safu ya available. Linux hutumia RAM iliyo wazi kama kache ya faili na huirudisha ikihitajika.

"Swapu itaua SSD." Swapu inayoandika mfululizo mchana na usiku itaichosha, ndiyo, hasa zile za bei ya chini. Lakini kama inaandika mfululizo, tatizo lako la kwanza si diski. Tazama Percentage Used kwa `nvme smart-log` kila mwezi.

Moja inayohitaji aya yake: umeme ukikatika, data iko salama diskini

Hii inaniumiza kwa sababu umeme wetu tunaujua. Mtu anafikiri kwamba kwa kuwa NVMe haisahau, basi kumbukumbu iliyopanuliwa juu yake nayo haisahau. Ramani inayosema ukurasa upi ni wa programu ipi ilikuwa kwenye RAM, na RAM imezimika. Seva ikiwaka, kilichobaki kwenye swapu hakina mwenyewe, na hakuna muamala wa mwanachama utakaookolewa humo. Miamala huokolewa na WAL, yaani daftari ambamo hifadhidata huandika kila badiliko diskini kabla ya kuligusa faili lenyewe, na UPS yenye betri nzima. Nunua hizo kwanza.

Ila data ile, ingawa haina faida kwa seva, inasomeka kwa mtu atakayeichomoa diski. Majina, salio, majibu ya maabara, nywila, vyote vinaweza kuwamo, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamdai anayeshika data ya watu ailinde. Fumba swapu, yaani iwe haisomeki bila ufunguo, kwa ufunguo wa nasibu kupitia `/etc/crypttab`, na hapo uangalie sana: patisheni hiyo huandikwa upya kila seva inapowaka, UUID ya swapu haidumu, kwa hiyo tumia njia ya `/dev/disk/by-id`. Ukitumia jina kama nvme0n1 na majina yakabadilishana, seva itaifumba upya diski ya hifadhidata yako na hutaipata tena.

Ukitaka kunipigia kuhusu RAM, nitumie kwanza mambo matatu yaliyochukuliwa siku yenye kazi nyingi, kwa SACCO iwe mwisho wa mwezi: matokeo ya `dmidecode -t memory`, dakika tano za `vmstat 1`, na kilichomo ndani ya `/proc/pressure/memory`. Kwenye vmstat nitatazama safu za si na so, yaani kinachorudi kutoka swapu na kinachokwenda swapu. Swapu iliyojaa lakini safu hizo zimekaa kwenye sifuri haina neno. Zikienda maelfu kila sekunde, na mstari wa full kwenye faili ya pressure, unaoonyesha muda ambao kazi zote zimesimama zikisubiri kumbukumbu, ukawa umeacha sifuri, tutaanza na vijiti.